Bima ya gari ughaibuni: Dharura haihalalishi uongo

 

Katika miaka ya karibuni nimekuwa nikiulizwa swali moja mara kwa mara na vijana niliowafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambao sasa wanaishi Uingereza. Wengine walikwenda kusoma, wengine wamewafuata wenzi wao, na wengine walikwenda kuhudumia wazee majumbani baada ya nchi hiyo kufungua viza kwa kazi hiyo Februari 2022, mlango ambao ulifungwa Julai 2025 kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Swali lao ni hili: Ustadhi, nimenunua gari na sheria ya huku inanilazimisha kukata bima. Je, bima si haramu? Nifanyeje?

Ni swali zuri, na ni dalili ya imani kwamba kijana aliye mbali na wazazi wake na msikiti wake bado anajali halali na haramu. Lakini ninapowahoji zaidi nakutana na jambo linalonisikitisha. Wapo wanaouliza kwa uchungu kama mkataba wa bima unajuzu, lakini hawaulizi lolote kuhusu walichokijaza katika fomu ya mkataba huo huo. Mmoja ameandika kwamba dereva mkuu wa gari ni mjomba wake mwenye umri wa miaka 50, wakati mjomba hata ufunguo wa gari hilo hajaushika. Mwingine ameandika kwamba gari linalala kwa binamu yake katika mji mdogo, wakati yeye na gari lake wako Birmingham mwaka mzima. Ukimuuliza anakujibu: Ustadhi, si dharura? Bima ni ghali mno.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuliangalie suala hili katika sehemu zake mbili. Kwanza hukumu ya bima yenyewe kwa mtu aliyelazimishwa na sheria. Pili, na hapa ndipo penye uzito, hukumu ya kusema uongo ili kuipunguza bei yake. Wengi wamezichanganya sehemu hizi mbili, na ruhusa iliyotolewa katika ile ya kwanza wameihamishia kwenye ya pili.

Kwa nini bima ya biashara ilikataliwa

Bima kwa sura tunayoijua leo haikuwapo zama za Mtume (SAW) wala zama za maimamu wanne. Miongoni mwa wanazuoni wa mwanzo kuijadili ni Ibn Abidin, faqihi wa madhehebu ya Hanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836. Yeye alizungumzia bima ya mizigo ya melini ambayo wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wakiiuza katika bandari za Waislamu, na hakumruhusu mfanyabiashara Mwislamu kuchukua fidia yake.

Baada yake mjadala ulipanuka. Wanazuoni wengi walioikataa bima ya biashara wametaja mambo matatu. La kwanza ni gharar, yaani kununua kitu kisichojulikana. Unalipa ada leo, lakini hujui kama utapata chochote wala utapata kiasi gani. Mtume (SAW) amekataza biashara ya gharar katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim. La pili ni maysir, yaani kamari, kwa kuwa mmoja hupata faida kwa tukio ambalo hakuna ajuaye kama litatokea. La tatu ni riba, kwa kuwa fedha hubadilishwa kwa fedha zaidi, na pia makampuni huziweka fedha za wateja katika hati fungani na amana zenye riba.

Desemba 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Jeddah na kutoa uamuzi kwamba mkataba wa bima ya biashara wenye ada maalumu una gharar kubwa inayouharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Baraza hilo hilo likasema kwamba mbadala unaokubalika ni bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kuchangiana na kusaidiana, ambayo leo tunaiita takaful. Wapo waliotofautiana na rai hiyo. Anayejulikana zaidi ni Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria, aliyefariki mwaka 1999. Yeye aliona kwamba mkataba wa bima kimsingi unajuzu, mradi usiwe na riba na masharti maovu.

Naitaja khitilafu hii ili msomaji ajue kwamba suala hili si kama ulevi au nguruwe, ambayo hayana mjadala. Ni suala la ijtihadi. Hata hivyo rai ya wengi, na ndiyo ninayoifuata katika kufundisha, ni kwamba Mwislamu mwenye hiari hajiingizi katika bima ya biashara. Linalobaki ni yule asiye na hiari.

Aliyelazimishwa na sheria

Hapa kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, sheria inamtaka kila mwenye gari barabarani awe angalau na bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga au uliyemharibia mali yake. Kwa hiyo kulazimishwa bima si jambo geni lililoanzia ughaibuni. Uingereza waliifanya bima hiyo kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1930, na sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1988. Tangu mwaka 2011 wamekaza zaidi: gari lililosajiliwa ni lazima liwe na bima hata kama limesimama tu, isipokuwa mwenyewe ameiarifu mamlaka rasmi kwamba ameliondoa barabarani.

Mtu wa namna hii ana ruhusa. Allah (SW) amebainisha katika Suratul An'am aya ya 119 kwamba yaliyoharamishwa yamekwisha elezwa, isipokuwa yale ambayo mtu amelazimika kwayo. Kutokana na aya kama hizi mafaqihi wakatoa kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Wanafunzi wangu wote wanaijua kanuni hii kwa moyo. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo, na hawaendelei na kanuni ndugu yake inayosema kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mwenye njaa ya kufa huruhusiwa nyamafu kwa kiasi cha kuokoa roho, haruhusiwi kufungasha nyingine apeleke nyumbani.

Kipimo hicho tukitumie katika gari. Kwanza, je, gari lenyewe ni haja ya kweli? Anayeishi London karibu na treni na mabasi hayuko sawa na mhudumu wa wazee katika mji wa mashambani, ambaye saa moja asubuhi anatakiwa awe kwa mzee wa kwanza na baada ya nusu saa awe kwa mzee wa pili kijiji cha jirani. Huyu wa pili, bila gari, hana kazi. Wa kwanza ajiulize mwenyewe kabla hajamuuliza mufti.

Pili, akate kile ambacho sheria imemlazimisha, yaani bima ndogo. Hapa lipo jambo la ajabu ambalo wanaoishi huko wanalijua: mara nyingine bima kubwa huwa na bei nafuu kuliko bima ndogo. Sababu ni kwamba makampuni yameona madereva wengi waliokuwa wakichagua bima ndogo ndio waliokuwa wakisababisha ajali nyingi, hivyo wakaipandisha bei. Kwa maoni yangu, anayekuta hali hiyo hana dhambi akichukua iliyo nafuu, kwa kuwa lengo la kipimo cha dharura ni kupunguza kinachotolewa katika mkataba huo. Na wapo wanazuoni wanaosema kwamba akilipwa kwa ajili ya gari lake mwenyewe, achukue kiasi cha ada alizokwisha lipa na ziada aitoe sadaka. Hiyo ndiyo njia ya tahadhari.

Tatu, aangalie namna ya kulipa. Makampuni mengi huko hukupa hiari mbili: kulipa ada ya mwaka kwa mkupuo, au kulipa kila mwezi. Anayelipa kila mwezi mara nyingi anakuwa amekopeshwa ada ya mwaka na analipa pamoja na riba, na riba hiyo imeandikwa wazi katika mkataba. Sheria ya nchi imekulazimisha bima, haikukulazimisha mkopo wa riba. Mtu akatafute namna ya kulipa kwa mkupuo. Kina mama wa Kariakoo na Magomeni kwa miaka mingi wamesomesha watoto na kununua mitaji kwa upatu. Nini kinawazuia vijana kumi wa Kiislamu wa mji mmoja kucheza upatu ambao kila mmoja anapokea mwezi bima yake inapokwisha? Au mwenye nacho akamkopesha mwenzake karadha njema, ambayo malipo yake yako kwa Allah?

Na hali ni hiyo hiyo katika kulinunua gari lenyewe. Wauzaji huko humpokea mgeni kwa mikopo ya miaka mitatu au minne, na kwa kuwa gari linang'aa na malipo ya mwezi yanaonekana madogo, kijana husaini. Mkopo huo kwa kawaida una riba, nayo haina khitilafu ya az-Zarqa wala ya mwingine. Gari kuukuu la fedha taslimu lililopita ukaguzi wa mwaka ni bora mbele ya Allah kuliko jipya la riba.

Iko wapi takaful? Kampuni ya kwanza ya bima ya Kiislamu ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984. Jirani zetu Kenya walipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Huko Uingereza palianzishwa Salaam Halal Insurance mwaka 2008, ikiuza bima ya magari kwa misingi ya takaful, lakini Novemba 2009 ikaacha kupokea wateja wapya. Ikipatikana takaful ya kweli yenye bei anayoiweza mtu, udhuru wa bima ya biashara unaondoka. Mpaka hapo, ruhusa iko kwa kipimo chake.

Haki ya aliyegongwa

Kabla hatujafika kwenye fomu, yatupasa kukumbuka sheria hii inamlinda nani. Wengi huiona bima kama kodi ya kumnyanyasa mgeni. Lakini bima ndogo haikulindi wewe. Inamlinda mtoto anayevuka barabara, mwendesha baiskeli, na mwenye gari ulilolivamia kwa nyuma.

Uislamu unayajua haya vizuri. Katika Suratun Nisaa aya ya 92, Allah (SW) ameweka diya kwa aliyemuua muumini kwa makosa, ikabidhiwe kwa jamaa zake, na akaitaja diya pia kwa aliyeuawa ambaye ni wa watu wenye ahadi nasi. Kuua kwa bahati mbaya hakuifuti haki ya aliyeuawa. Na Mtume (SAW) alipoletewa kesi ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, mmoja wao akiwa amempiga mwenzake jiwe akamuua pamoja na mimba yake, alihukumu kwamba diya ya mwanamke huyo ibebwe na 'aqila, yaani jamaa wa aliyeua. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ukoo mzima unachanga ili haki ya mtu isipotee kwa sababu mkosaji ni maskini.

Sasa mtazame mgeni katika mji wa Ulaya. Ukoo wake uko Tanga au Pemba. Akimgonga mtu akampooza, nani atachanga? Mafundi na wauza samaki wa nyumbani kwao hawawezi kulipa gharama za matibabu ya maisha yote kwa pauni. Sisemi kwamba bima ya biashara ndiyo 'aqila, kwani 'aqila hakuuza kitu wala hakutafuta faida. Ninachosema ni kwamba haki inayolindwa na sheria ile ni haki ambayo dini yetu imeitambua kabla yao, na kwamba Mwislamu anayeendesha bila bima, au kwa bima aliyoipata kwa uongo, anaiweka haki hiyo hatarini.

Uongo ulioandikwa kwenye fomu

Huko Uingereza bima hufuata dereva pamoja na gari. Sisi tumezoea kwamba gari likiwa na stika, kaka anaendesha, shemeji anaendesha, na jirani akiomba kwenda hospitali anapewa. Kule majina ya wanaoruhusiwa huandikwa. Asiyeandikwa kwa kawaida hana bima katika gari hilo, na mwenye gari aliyemruhusu naye ametenda kosa kisheria.

Bei hupangwa kwa kumtazama dereva: umri wake, kazi yake, miaka aliyokaa na leseni, ajali zake, postikodi ya mahali gari linapolala, na matumizi ya gari. Kijana aliyehamia karibuni anakuwa upande mbaya wa karibu kila kipengele. Miaka kumi aliyoendesha Dar es Salaam bila ajali mara nyingi haihesabiwi. Hivyo anatajiwa bei ambayo pengine inazidi thamani ya gari lenyewe. Hapo ndipo shetani anapokaa mlangoni.

Njia zinajulikana. Ya kwanza ni kumweka mtu mzima kuwa dereva mkuu na kijana kuwa msaidizi, wakati ukweli ni kinyume chake. Ya pili ni kuandika anwani ya mji wenye bei nafuu. Ya tatu ni kuficha ajali au adhabu za nyuma. Ya nne imeenea sana: kukata bima ya matumizi ya nyumbani na kwenda kazini, kisha kupeleka vyakula majumbani kwa malipo, au kubeba abiria. Hata mhudumu wa wazee anayezunguka nyumba hadi nyumba kwa gari lake anatakiwa kuwa na bima inayotaja matumizi ya kazi. Bima ya kwenda na kurudi kituo kimoja cha kazi haimtoshi. Na ya tano hutokea baada ya ajali: mtu hana maumivu yoyote, akaambiwa na rafiki zake aseme shingo inamuuma ili alipwe.

Yote haya yana jina moja katika dini yetu: ghishi. Mtume (SAW) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini, na akatamka kwamba anayefanya udanganyifu si katika sisi. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Yule muuzaji hakusema neno la uongo, alificha tu. Basi itakuwaje kwa aliyeandika kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba aliyoyaeleza ni kweli?

Hapa ndipo hoja ya dharura inapoanguka. Kilicholazimishwa na sheria ni kuwa na bima. Hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kudanganya. Ambaye hawezi kulipa bei ya kweli ana njia nyingine: anunue gari dogo la injini ndogo, akubali kifaa kinachopima uendeshaji wake, asubiri mwaka mmoja, apande basi, au achague kazi iliyo karibu na nyumbani. Maadamu njia ya halali ipo, ingawa ina tabu, jina la dharura halipo. Ughali wa kitu ni tabu, na tabu tumeamrishwa kuistahamilia.

Hoja ya kwamba ni mali ya makafiri

Wapo wanaojitetea kwa hoja kali zaidi. Wanasema makampuni haya ni ya riba, ni matajiri, na isitoshe ni mali ya wasiokuwa Waislamu, hivyo kuwadanganya hakuna ubaya. Hoja hii ni hatari kuliko uongo wenyewe, kwa sababu muongo huweza kutubu, lakini aliyeugeuza uongo kuwa fatwa hatubu.

Tusome Suratul Aal Imran aya ya 75. Allah (SW) anawalaumu watu waliokula amana za wengine kwa madai kwamba hawana lawama juu ya watu wasiokuwa wa kitabu chao, na anasema kuwa wanamzulia Allah uongo hali ya kuwa wanajua. Anayesema leo kwamba mali ya asiyekuwa Mwislamu haina lawama ameyarudia maneno yale yale yaliyolaumiwa.

Tumtazame Mughira bin Shu'ba (r.a.). Kabla ya kusilimu alisafiri na watu, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume (SAW) kusilimu. Kwa mujibu wa hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (SAW) aliukubali Uislamu wake, lakini mali ile akajitenga nayo. Watu wale walikuwa washirikina, na bado mali iliyopatikana kwa kuwahini haikupokelewa. Na usiku wa Hijra, Makuraishi walipokuwa wamepanga kumuua, Mtume (SAW) alimwacha Ali (r.a.) nyuma Makka ili arudishe amana za watu.

Kwa sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi, jambo hili lina maelezo ya wazi. Imam Shafi, katika Kitabul Umm, ameeleza kwamba Mwislamu aliyeingia kwa amani hata katika nchi ya maadui walio vitani na Waislamu, si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao kwa khiyana, kwa kuwa wao wamesalimika naye kama yeye alivyosalimika nao. Viza iliyobandikwa katika pasi ya kusafiria ni amani ya aina hiyo hiyo. Umeingia kwa ahadi, na waumini wameamrishwa kutimiza mikataba katika aya ya kwanza ya Suratul Maida.

Tena anayedhani anamdanganya tajiri hamjui anayemdanganya. Katika nchi ile kuna chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kilichoundwa mwaka 1946, ambacho huwalipa fidia waliogongwa na madereva wasio na bima au waliokimbia. Fedha zake hutoka kwa makampuni ya bima, nayo huzipata kwa wateja wao. Kwa hiyo muuguzi mjane anayelipa ada yake kwa ukweli, na Mwislamu wa msikiti wako anayelipa kwa ukweli, ndio wanaoulipia uongo wako.

Mwisho wa uongo huo

Hata kwa mizani ya dunia, biashara hii haina faida. Kampuni ikigundua kwamba mteja alidanganya kwa makusudi, inaweza kuufuta mkataba tangu mwanzo na kukataa kulilipa gari lake. Kwa kawaida aliyegongwa atalipwa, lakini kampuni inaweza kumgeukia mteja na kumdai fedha hizo. Baada ya hapo, kila atakapoomba bima ataulizwa kama amewahi kufutiwa, na bei itakuwa mara nyingi ya ile aliyoikimbia.

Kamera za barabarani husoma namba za gari na kulinganisha na orodha ya taifa ya magari yenye bima. Kwa miaka mingi adhabu ya papo kwa papo ya kuendesha bila bima imekuwa faini ya pauni 300 na pointi 6 katika leseni, na kesi ikifika mahakamani hakimu anaweza kutoza zaidi na kumzuia mtu kuendesha. Polisi wana mamlaka ya kulichukua gari. Na aliyepata leseni ya huko kwa mara ya kwanza, akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili, leseni hufutwa na huanza upya kama mwanafunzi. Mhudumu wa wazee aliyefutiwa leseni anaweza kupoteza kazi, na kwa wengi wao kazi ndiyo iliyoshika viza.

Mambo ya kuzingatia

Kwa faida ya wanaojiandaa kusafiri na wazazi wanaowaaga, nayafupisha haya.

Leseni ya Tanzania au Kenya inamruhusu mgeni kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Haibadilishwi kuwa ya huko bila mtihani, kama zinavyobadilishwa za baadhi ya nchi. Aanze mapema kufanya mtihani wa maandishi na wa barabarani, kwa sababu baada ya miezi hiyo kupita atakuwa anaendesha bila leseni halali, na bima yake nayo itaingia mashakani.

Aulize bei ya bima kabla ya kununua gari. Wengi hununua gari kwanza, kisha bei ya bima inapowashinda ndipo uongo unapoanza. Na ajue kwamba kadi ya gari ya huko inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, na peke yake si ushahidi wa umiliki. Hivyo atunze risiti ya manunuzi.

Ajihadhari na mawakala hewa. Hawa hutangaza bima rahisi katika mitandao na hata kupitia watu wa jamii zetu, kisha humpa mtu hati ya kughushi, au hukata bima ya kweli kwa taarifa za uongo bila mwenyewe kujua. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, aipigie simu kampuni iliyotajwa na kuuliza.

Na ambaye tayari ameshaandika uongo, mlango wa toba uko wazi, lakini toba ya haki ya mtu ina sharti lake: kuacha na kurekebisha. Aipigie simu kampuni yake na kusahihisha taarifa, na akidaiwa nyongeza ailipe. Kama kuna fedha alizochukua kwa madai ya uongo, azirudishe kwa wenyewe. Astaghfirullah ya midomoni pekee, huku gari bado limeandikwa kwa jina la mjomba, haijakamilika.

Nawaomba pia wazazi na ndugu tuliobaki huku. Tupunguze shinikizo. Kijana ana miezi sita tu huko, tunataka picha yake akiwa na gari, na fedha za matumizi zisichelewe. Tumwambie kwamba akipanda basi miaka miwili akiwa mkweli, hajatuaibisha. Mtume (SAW) ametaja alama za mnafiki kuwa ni kusema uongo anapozungumza, kuvunja ahadi anapoahidi, na kukhini anapoaminiwa. Fomu moja ya bima iliyojazwa kwa hila inaweza kuzikusanya zote tatu, na kuondokana nazo kunahitaji kuandika jina la kweli, anwani ya kweli na kazi ya kweli.

Allah (SW) aturuzuku halali, atutosheleze nayo, na awahifadhi vijana wetu popote walipo. Wallahu a'lam.